Mahindi Yaliyokataliwa Huenda Wapi?

Kabla mahindi hayajapelekwa mashineni, mama wa nyumbani huyamwaga kwenye ungo na kuyapitia kwa macho na vidole. Punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota unga wa kijani au wa kijivu, huwekwa kando. Hakuna anayehitaji semina kujua kwamba hizo haziliwi na watu. Lakini hazitupwi. Zinaingia kwenye ndoo au kiroba, na ukiuliza ni za nini utajibiwa upesi: za mifugo.

Wafanyabiashara hufanya vivyo hivyo kwa magunia. Shehena iliyokataliwa na mnunuzi wa unga kwa sababu imelowa au inanuka uvundo hairudi shambani kuwa mbolea. Bei yake inashushwa, na atakayeichukua ni mtengenezaji wa chakula cha mifugo au mfugaji anayetafuta nafuu. Mashineni nako, mahindi yanapokobolewa ili yatoe sembe nyeupe, ganda na kiini hutoka kama pumba, na sumu za kuvu hukaa kwa wingi zaidi katika sehemu hizo mbili kuliko katika wanga wa katikati. Kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya sumu kwenye unga wa ugali. Iliyoondolewa haijapotea, imo ndani ya pumba. Ndivyo ilivyo pia kwa mbegu za mafuta: alizeti, pamba na karanga zikikamuliwa, mafuta yakichujwa na kusafishwa hubaki na sumu kidogo, na sehemu kubwa inasalia kwenye mashudu.

Basi kila hatua tunayoichukua kukisafisha chakula chetu inaisogeza sumu upande wa ng'ombe. Na ng'ombe wa maziwa hana namna ya kuizuia yote isirudi mezani.

Kuvu inayosababisha tatizo hili kuliko nyingine inaitwa kisayansi Aspergillus flavus. Inaishi udongoni, inakula mabaki ya mimea, na katika mwaka wa mvua nzuri mkulima anaweza asiione kabisa. Mambo hubadilika ukame na joto kali vinapolikuta shamba wakati punje zinajaa. Mmea uliodhoofika hauna kinga, viwavi na fukusi wanatoboa punje, na mbegu za kuvu zinazoelea hewani zinapata mlango. Mvua ikinyesha tena wakati wa kuvuna, mahindi yanaingia ghalani yakiwa na unyevu na kuvu inaendelea kustawi humo. Ndani yake inatengeneza kemikali inayoitwa aflatoksini, mojawapo ya zile ambazo maofisa wa kilimo wa Tanzania huziita kwa pamoja sumukuvu. Haina rangi inayoonekana kwa macho, haina ladha, na haina harufu ya kumwonya mlaji. Uvundo tunaousikia ni wa kuvu yenyewe. Sumu inaweza kubaki kwenye punje hata baada ya kuvu kufa na kukauka, na punje inayong'aa inaweza kuwa nayo.

Dunia iliijua sumu hii kwa njia ya mifugo. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika muda wa miezi michache. Madaktari wa mifugo walitafuta virusi na bakteria bila kupata kitu, wakaupa ugonjwa huo jina la X kwa kuwa hawakuwa na jina jingine. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Wakati huohuo, Kenya na Uganda zilikuwa na msiba wao: vifaranga wa bata waliolishwa chakula chenye karanga zilizoota kuvu walikuwa wakifa. Sumu ilipotengwa maabarani ilionekana kuwaka chini ya taa ya miali ya urujuanimno, aina nyingine kwa rangi ya buluu na nyingine kwa kijani. Zikagawanywa hivyo, na iliyo kali kuliko zote ikaitwa B1. Baadaye kidogo ikagunduliwa nyingine kwenye maziwa ya ng'ombe waliokula B1. Hiyo inaitwa M1.

Afrika Mashariki inaifahamu B1 kwa machozi. Mwaka 2004, wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, zilipata mlipuko wa ugonjwa wa manjano wa ini uliosababishwa na mahindi. Watu 317 waliugua na 125 walikufa. Sampuli za mahindi na unga zilizochukuliwa sokoni wakati huo zilionyesha kwamba zaidi ya nusu zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo, na iliyokuwa mbaya kuliko zote ilifika 46,400. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Tanzania: katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 kati yao walifariki, wengi wakiwa watoto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeziweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi anapokula sumu hii kwa miaka mingi. Kanda yetu ina virusi hivyo kwa wingi.

Glasi ya maziwa haimwangushi mtu kwa ugonjwa wa manjano. Hilo lisemwe wazi, maana hofu nayo inaua soko la mfugaji mdogo. M1 ni dhaifu kuliko B1, na inafika kwenye maziwa kwa vipimo vidogo sana ukilinganisha na vile vilivyoua Makueni. Tatizo lake ni mazoea. Maziwa hunywewa kila siku, na anayeyanywa kwa wingi kuliko wote kwa kila kilo ya uzito wake ni mtoto mdogo, yuleyule ambaye uji wake wa mahindi au wa lishe yenye karanga unaweza kuwa na B1. Vipimo viwili vidogo vinakutana ndani ya ini moja dogo.

Njia inayopitiwa na sumu ndani ya ng'ombe inajulikana vizuri. Tumbo lake la kwanza, lile kubwa lenye vijidudu vinavyochachua majani, ni kinga halisi dhidi ya baadhi ya sumukuvu. Okratoksini, kwa mfano, inayowasumbua sana nguruwe na kuku, huvunjwa kwa sehemu kubwa humo. Aflatoksini haivunjwi vya kutosha. Inapita hadi kwenye damu na kufika kwenye ini, ini linaigeuza kuwa M1 ili iweze kutolewa nje, na sehemu yake inatoka kupitia mkojo na kiwele. Kati ya saa 12 na 24 baada ya ng'ombe kula chakula chenye sumu, M1 inaonekana kwenye maziwa. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya B1 iliyoliwa; kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi sana inaweza kufika 6. Kuchemsha hakuiondoi, wala kuyasindika kwa joto la kiwandani. Katika jibini hujikusanya, kwa kuwa hushikamana na protini ya maziwa.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mfugaji yeyote. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku amelishwa kilo 5 za pumba na mashudu. Ikiwa kila kilo ina mikrogramu 100 za B1, kwa siku amemeza 500. Chukua asilimia 2: ni mikrogramu 10, zigawanye kwa lita 10, unapata mikrogramu 1 ya M1 katika kila lita. Kikomo cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni 0.5, na Marekani inatumia hichohicho. Umoja wa Ulaya unataka 0.05. Kwa hiyo maziwa haya yamevuka kikomo cha kwanza mara mbili na cha pili mara 20. Sasa rudia hesabu kwa chakula chenye mikrogramu 5 tu kwa kilo. Ng'ombe amemeza 25, nusu mikrogramu imetoka, na kila lita ina 0.05. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini Ulaya imeweka 5 kuwa kikomo cha B1 katika chakula cha ng'ombe wa maziwa. Nafasi ya kukosea katika kila kilo ya chakula ni ndogo sana.

Je, chakula tunachowalisha ng'ombe wetu kikoje? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulipima sampuli 830 za chakula cha mifugo na 613 za maziwa kutoka miji minne ya Kenya. Kati ya sampuli za chakula zilizochukuliwa kwa wafugaji, asilimia 86 zilikuwa na B1, na theluthi mbili ya hizo zilizidi mikrogramu 5 kwa kilo. Sampuli zilizochukuliwa viwandani na kwenye maduka ya agroveti hazikuwa bora sana. Upande wa maziwa, asilimia 72 ya sampuli za wafugaji zilikuwa na M1. Maziwa ya pakiti yaliyosindikwa yalikuwa nayo karibu yote: sampuli 88 kati ya 89.

Hilo la pakiti linashangaza hadi mtu anapofikiri maziwa ya kiwandani yanavyopatikana. Lori linazunguka kwenye vituo vya kukusanyia, maziwa ya mamia ya ng'ombe yanachanganywa kwenye tangi moja, na maziwa ya mfugaji mmoja aliyelisha mashudu mabovu yanaenea kote. Kuchanganya kunapunguza ukali na wakati huohuo kunamfikishia kila mnywaji kiasi fulani. Katika utafiti huo, sampuli za sokoni zilizozidi kikomo cha Ulaya zilikuwa kama theluthi moja ya zile zilizokutwa na M1. Na jambo linalouma kuliko takwimu zote: theluthi mbili ya wafugaji wadogo wa mjini hawakujua kabisa kwamba sumu ya kuvu inaweza kupita kwenye maziwa, huku watengenezaji wa chakula cha mifugo wengi wakiwa wanajua. Aliyeuza alikuwa na habari ambayo aliyenunua hakuwa nayo.

Hali ya Addis Ababa ni mbaya zaidi. Huko wafugaji wa mjini na wa pembezoni hutegemea mashudu ya noug, mbegu ya mafuta inayolimwa sana Ethiopia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sampuli 110 za maziwa na kukuta M1 katika kila moja. Zaidi ya robo zilizidi hata kile kikomo cha 0.5, na watafiti walipofuatilia chanzo walikuta sampuli za chakula zilizobeba hadi mikrogramu 419 kwa kilo. Mashudu ya noug ndiyo yaliyoonekana kuwa na lawama kubwa. Mwaka huohuo watafiti wa Tanzania walitoa matokeo kutoka Singida, mkoa wa alizeti, ambako mashudu ni chakula cha bei nafuu na hupatikana mlangoni. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini zaidi ya asilimia 80 ya sampuli za maziwa zilikuwa na M1, na B1 ilipatikana katika sampuli nyingi za chakula chenye mashudu.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Kiangazi cha mwaka 2003 kilikuwa na joto lisilo la kawaida, na mahindi ya bonde la mto Po kaskazini mwa Italia, eneo la jibini maarufu duniani, yakapata aflatoksini. Mwaka 2012 ukame uliikausha Serbia na jirani zake. Februari 2013 maziwa yaliyozidi kikomo yalikutwa madukani huko Balkani, na serikali ya Serbia, ikiwa na mahindi machafu nchi nzima, ilipandisha kikomo chake cha M1 kutoka 0.05 hadi 0.5 kwa muda. Wiki chache baadaye ikabainika kwamba shehena ya tani 45,000 za mahindi kutoka Serbia ilikuwa imeingia Ujerumani, na tani kama 10,000 zilikuwa zimeshafika kwenye viwanda vya chakula cha mifugo na maelfu ya mashamba. Ujerumani ilifunga kwa muda mashamba kadhaa ya maziwa na kupima. Tofauti ya huko na kwetu ilikuwa moja: maziwa yalikuwa yakipimwa kila mara, kwa hiyo kosa lililofanyika kwenye chakula lilionekana kwenye tangi.

Aflatoksini ndiyo inayotajwa sana, lakini kuvu za chakula cha mifugo ni ukoo mpana. Zile za jamii ya Fusarium hutengeneza zearalenoni, kemikali inayojifanya homoni ya jike. Ng'ombe anayeila anaweza kuonyesha dalili za joto bila mpangilio, kurudia kupandishwa bila kushika mimba, na lawama zote akatwishwa mtaalamu wa uhimilishaji. Kwenye sileji, mara nyingi yanaonekana mabonge ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Hayo ni ya Penicillium roqueforti, kuvu inayoweza kuishi penye tindikali na hewa kidogo, na ni spishi ileile inayotumiwa Ufaransa kutengeneza jibini la Roquefort. Lakini ndani ya shimo la sileji inakua bila kusimamiwa, na sumu inazoziacha zinaharibu hamu ya kula.

Katika historia ya kuvu za malisho, kisa cha ajabu kuliko vyote kilitokea Amerika Kaskazini. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na majimbo ya kaskazini mwa Marekani walianza kuvuja damu hadi kufa. Kukatwa pembe au kuhasiwa kulitosha kuwamaliza. Daktari wa mifugo Frank Schofield, huko Ontario, alionyesha kwamba chanzo kilikuwa hei ya mmea wa jamii ya klova iliyoingia maji na kuota kuvu. Ng'ombe waliopewa hei safi ya mmea huohuo hawakudhurika. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika tufani ya theluji hadi chuo kikuu akiwa na mtamba aliyekufa, hei yake, na kopo la damu isiyoganda. Damu hiyo ilimfikia mwanakemia Karl Paul Link. Maabara yake ilitumia miaka kadhaa hadi kuitenga kemikali iliyoundwa na kuvu kutokana na kile kinachoupa mmea ule harufu yake tamu. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarin, kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha kama dawa ya kuzuia damu kuganda. Wagonjwa waliowekewa vali bandia za moyo Dar es Salaam na Nairobi wanaimeza leo, na asili yake ni hei iliyoharibika ambayo wafugaji hawakutaka kuitupa kwa sababu ulikuwa mwaka mgumu.

Ulikuwa mwaka mgumu. Sababu hiyo inajirudia kila mahali. Mfugaji wa miteremko ya Kilimanjaro, ambaye ng'ombe wake wawili wanakaa bandani mwaka mzima, hupandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare kwa pikipiki, kwa gari la kukodi au kichwani. Majani ya migomba hayatoshi, na kiangazi kinapokolea pumba inapanda bei. Kumwambia atupe kiroba cha pumba kilichoanza kushikana mabonge ni kumwambia atupe fedha. Naye dalili hazimsaidii. Ng'ombe anayekula aflatoksini kidogokidogo hapati ugonjwa wenye jina. Anakula kidogo, maziwa yanapungua lita moja au mbili, ndama wanadumaa, chanjo hazishiki vizuri. Mfugaji atafikiri ni minyoo, au ndigana iliyotibiwa nusu, na atatumia fedha kwenye dawa ambazo haziwezi kumsaidia.

Kipimo nacho ni kazi ngumu. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote huku nyingine zikiwa safi, kwa hiyo kuchota kikombe kimoja na kukipeleka maabara ni kama kutafuta kokoto moja kwenye gunia la mchele kwa kutia mkono mara moja. Mpimaji makini huchota sehemu nyingi za mzigo, juu, katikati na chini, anasaga vyote pamoja, ndipo anapima.

Yapo hata hivyo mambo yanayowezekana nyumbani, na karibu yote yanahusu unyevu. Mahindi yanayohifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Asiye na mashine ya kupimia anaweza kutumia chumvi: chupa ya kioo iliyokauka vizuri, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, na mahindi hadi robo au theluthi ya chupa. Itikiswe kwa dakika kadhaa, iachwe itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kwenye turubai, tena turubai na si udongo mtupu. Isipoganda, yamekaribia, na siku nyingine ya jua haitayadhuru. Magunia ya mahindi, pumba na mashudu yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo sasa inauzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo, husaidia sana kwa nafaka iliyokwisha kukauka. Ukitia humo nafaka mbichi umeitengenezea kuvu chumba. Pumba inunuliwe ya wiki chache, kwa kuwa iliyosagwa huharibika upesi kuliko punje nzima. Kwenye sileji, siri ni kushindilia hadi hewa iishe, kufunika barabara, na baada ya kufungua kukata uso wote wa shimo kila siku bila kuchimba pango. Sehemu yenye kuvu itupwe pamoja na kipande kinachoizunguka.

Jua linakausha tu, haliui sumu iliyokwisha kuingia. Vivyo hivyo kusaga, kupika na kutia molasi ili kuficha uvundo. Kuchanganya debe la mahindi mabovu na madebe manne ya mazuri ndiyo desturi inayoleta hasara kubwa kuliko zote, maana inazigusa siku nyingi za maziwa badala ya chache. Udongo maalumu wa bentonaiti, unaochanganywa kwenye chakula, unaweza kuishika aflatoksini tumboni ikatoka na samadi. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kwa kazi hiyo mwaka 2013. Ni msaada, lakini una kiwango chake cha kuchanganya, unashika aflatoksini zaidi kuliko sumukuvu nyingine, na udongo wowote uliochotwa mtoni hauwezi kuchukua nafasi yake.

Shambani kwenyewe kuna dawa iliyobuniwa kwa akili ya hali ya juu. Si kila ukoo wa Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Mtafiti Peter Cotty wa wizara ya kilimo ya Marekani alitumia koo zisizo na sumu kuzishinda zenye sumu katika mashamba ya pamba ya Arizona, na pamoja na Ranajit Bandyopadhyay wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, teknolojia hiyo ikaletwa Afrika kwa jina la Aflasafe, kila nchi ikitumia koo zilizopatikana kwenye udongo wake. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu hizo salama. Zinamwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, kilo 10 kwa hekta, wakati udongo una unyevu. Kuvu salama zinajaa shambani na zile hatari zinakosa nafasi. Sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi, na kinga hiyo inaendelea hadi ghalani. Kenya ina kiwanda chake kwenye kituo cha shirika la utafiti wa kilimo la KALRO huko Katumani, Machakos. Tanzania iliidhinisha aina zake mbili mwaka 2018.

Kinachokwamisha ni bei. Mkulima aliyenunua Aflasafe, turubai na mifuko ya tabaka tatu anapofika sokoni hukuta gunia lake linalipwa sawa na la jirani ambaye hakununua chochote. Mwenye pumba safi naye anashindana na mwenye pumba ya mahindi yaliyokataliwa, ambayo ni rahisi zaidi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti. Mjadala uliofuata ulihusu ugali na siasa za mpaka. Pumba na mashudu, vinavyopita barabara zilezile, havikusemwa sana.

Na swali kubwa limebaki bila jibu. Kikomo cha mahindi ya kuliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na B1 isizidi 5. Yakipimwa yakakutwa na 60, yaende wapi? Kuambiwa uyachome moto bila fidia ni kushawishiwa uyafiche, na maficho yaliyo karibu ni kinu cha chakula cha mifugo. Marekani imelijibu swali hili kwa kuweka ngazi. Chakula cha ng'ombe wa maziwa hakiruhusiwi kuzidi mikrogramu 20. Mahindi yenye hadi 100 yanaweza kulishwa ng'ombe wazima wa kuzalisha, na yenye hadi 300 yanaweza kulishwa ng'ombe wa nyama walio katika miezi ya mwisho ya kunenepeshwa. Arizona na Senegal zimetumia gesi ya amonia kuivunja sumu kwenye mbegu za pamba na mashudu ya karanga. Ngazi kama hizo zinahitaji maabara, lebo zinazoaminika na wakaguzi wasiohongeka, lakini zinampa mwenye mahindi mabovu pa kuyapeleka ambako hayafiki kwenye kiwele.

Viwanda vya maziwa ndivyo vyenye nafasi nzuri ya kuanza, kwa kuwa maziwa hayafichi kama nafaka inavyoficha. Kwenye tangi sumu imechanganyika sawasawa, kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache, na kituo cha kukusanyia kinajua wafugaji wake kwa majina. Ng'ombe mwenyewe anasaidia. Akiondolewa chakula kibaya, M1 hupungua siku kwa siku na ndani ya siku tatu au nne karibu yote imekwisha. Mfugaji aliyepigiwa simu Jumatatu kuambiwa abadilishe mashudu anaweza kupeleka maziwa yanayofaa kabla ya Jumamosi, na kiwanda kikimlipa senti kadhaa zaidi kwa lita hiyo, msambazaji wa mashudu atazisikia habari hizo wiki ileile.